Balbu nilizotumia nyumbani: zipi zina zebaki, na ikivunjika ufanyeje

Tukinunua balbu, wengi wetu huangalia wati na muda itakaodumu. Mimi siku hizi naanza na swali jingine: ikivunjika, sakafuni kutabaki nini? Nimetumia karibu aina zote za nyumbani, na swali hilo ndilo lililonifanya nibadilishe taa za vyumba vya watoto kabla ya vingine vyote.

Balbu za zamani, zile zenye waya ndani, hazina hata chembe ya zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu. Waya wa tungsteni unapashwa moto hadi unang'aa, basi. Ubaya wake ni kula umeme, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto. Halojeni nazo hazina zebaki, ila hupata moto mno. Singeiweka karibu na pazia.

Zebaki imo kwenye balbu za kubana umeme, zenye mrija uliosokotwa, na kwenye tyubulaiti. Haimo kwa uzembe wa mtengenezaji. Umeme unapopita ndani ya mrija huuchangamsha mvuke wa zebaki, mvuke hutoa mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na ule unga mweupe uliopakwa upande wa ndani wa kioo huigeuza kuwa mwanga. Kiasi chenyewe ni kidogo: kwa kawaida miligramu 1 hadi 5 kwa balbu moja, ilhali kipimajoto cha kioo cha zamani kilikuwa na takribani miligramu 500. Balbu ikiwa nzima, zebaki haitoki. Wanaosema kukaa chini ya taa hizi ni kuvuta sumu wanawatisha watu bure.

Kuvunjika ndiko kunakonitia wasiwasi. Moja ilivunjika chumbani baada ya mtoto kuiangusha taa ya mezani akicheza. Niliwatoa watoto wote, nikazima kiyoyozi, nikafungua madirisha, nikafunga mlango na kukiacha chumba kipigwe na hewa kwa dakika 10 hivi. Niliporudi, vipande nilivizoa kwa karatasi ngumu, unga uliobaki nikaunasa kwa selotepu, kisha nikapangusa sakafu kwa karatasi laini iliyoloweshwa. Vyote, pamoja na karatasi zenyewe, vikaingia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, na chupa ikatolewa nje. Fagio sikugusa, wala mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu huutimua unga na mvuke hewani. Shuka lililomwagikiwa na vile vipande nalo lilitupwa. Kulifua kungeipeleka zebaki kwenye mashine na majitaka.

Hakuna aliyedhurika, na kwa kiasi kile sikutarajia mtu adhurike. Lakini mvuke wa zebaki hushambulia ubongo na figo, na wa kulindwa kwanza ni watoto wadogo na wajawazito. Mtoto anayetambaa anapumua hewa ya sakafuni. Kwangu sababu hiyo inatosha.

Sasa LED. Haina zebaki kabisa, na ya wati 8 au 9 inatoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Nyingi zina kifuniko cha plastiki, hivyo zikianguka hazisambai vigae. Sizisifii kila kitu, lakini. Zile hafifu hufa mapema, hasa ndani ya taa iliyofungwa pande zote, kwa kuwa saketi iliyo kwenye kitako chake haivumilii joto. Nyingine humetameta hadi macho yanachoka. Tena ni kifaa cha elektroniki, kina risasi na metali nyingine kidogo, kwa hiyo si kitu cha kutupa jalalani. Na ukitaka kuweka LED mahali pa tyubulaiti, muite fundi umeme aangalie kwanza choki na stata, vile vifaa vinavyoiwasha tyubulaiti, maana si kila mrija wa LED unakubali kufanya kazi na choki ya zamani. Hata hivyo naipa nyota 4 kati ya 5.

Dunia nayo inaelekea huko. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, unaobeba jina la mji wa Japani ambao watu wake walilishwa sumu ya zebaki kupitia samaki, zilikubaliana mwaka 2022 kwamba balbu za kawaida za kubana umeme zisizozidi wati 30 zikome kutengenezwa, kuingizwa na kuuzwa nje ya nchi ifikapo mwisho wa 2025. Mwaka 2023 zikaiwekea tyubulaiti ukomo wa 2027. Maana yake ni kwamba zilizoko majumbani zitafika mwisho wake moja baada ya nyingine, na hapo ndipo naomba tuwe makini: balbu ya aina hii haichomwi pamoja na taka, kwa sababu moto huipeleka zebaki yote hewani. Zangu zilizoungua nazirudisha kwenye boksi lake, nazitenga mbali na watoto, na zinapelekwa kwa wanaopokea taka za elektroniki. Tyubulaiti ya jikoni bado nzima na inawaka vizuri, kwa hiyo sijaishusha. Ikifa itatolewa kwa mikono miwili, na LED itachukua nafasi yake.