Tamiya Hornet: nyigu wa 1984 kwenye vumbi la Dodoma

Hornet, gari la rimoti la Tamiya unaloliunda mwenyewe, ilitoka Japani mwaka 1984, ikarudishwa sokoni 2004 ikiwa na umbo lilelile: seti namba 58336, kipimo cha 1/10, mota ya ukubwa wa 540, betri ya volti 7.2, nguvu zote magurudumu ya nyuma. Boksini hakuna rimoti, sevo (mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele), betri wala chaja. Kidhibiti mwendo kinategemea toleo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Anayetaka gari la kukata kona asinunue hili. Gia boksi, mota na ekseli ya nyuma vimeungana, vinapanda na kushuka pamoja, na kwenye changarawe mkia unarukaruka kama mbuzi. Raha yake ndiyo hiyo. Shokapu za nyuma zina mafuta: jaza, kisha sukuma pistoni polepole juu na chini mpaka mapovu yaishe, la sivyo zitakuwa springi tupu.

Tatizo kubwa ni bushi za plastiki, vile vipete ambamo ekseli huzunguka. Vumbi la Nala au Ihumwa likishikana na grisi linageuka msasa. Tundu linapanuka, gurudumu linaanza kucheza. Weka beringi siku ileile ya kuunda, maana kuzifikia za ndani ya gia boksi baadaye ni kufumua nyuma yote. Pima bushi kwanza ndipo uagize. 1150, kwa mfano, maana yake ni milimita 11 nje na 5 ndani. Chukua zenye kifuniko cha mpira. Za ngao ya chuma huzunguka kwa wepesi kidogo, lakini vumbi laini hupita.

Skrubu zinajichongea njia kwenye plastiki. Drili weka mbali. Ikigoma, isugue kwenye sabuni ya mche, ujaribu tena. Ukiifungua na kuirudisha, izungushe kinyume mpaka uisikie ikidondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze.

Sevo ndiyo inayowaumbua wengi. Washa rimoti na kipokezi cha ndani ya gari, rekebisha trimu (kirekebishi cha usukani kwenye rimoti) iwe katikati, ndipo ufunge mkono wa sevo. Ukifunga bila umeme, gari litavuta upande mmoja na trimu haitatosha.

Bodi ni ya polikaboneti, inapakwa rangi kwa ndani. Ioshe kwa sabuni, ziba madirisha, pulizia tabaka nyembamba za rangi za PS, ambazo Tamiya huzitengeneza kwa polikaboneti. Za TS ni za plastiki ngumu, hapa zitabanduka. Pulizia asubuhi kabla upepo haujaanza. Filamu ya nje itoke mwisho kabisa. Ukiwa na rimoti ya 2.4 GHz, bomba la antena ni pambo tu, ingawa bila hilo gari linaonekana kama limenyolewa.

Baada ya kuendesha, pitisha brashi kavu kwenye matundu ya mota. Kompresa usiielekeze kwenye beringi: hewa inasukumia vumbi ndani.