Mashine ya mvuke ya mkono: wapi imenifaa na wapi ni kula luku bure

Nimeinunua Kariakoo kwa 95,000, muuzaji alianzia 130,000 na maneno kibao eti dada hii ukiwa nayo hata sabuni hutanunua tena. Ni ile ndogo ya kusafishia nyumba kwa mvuke, ya kushika mkononi, watt 1,000 na kidogo, tangi lake halifiki hata nusu lita. Ukiitumia nusu saa imekula kama nusu uniti hivi kwa hiyo kwa upande wa luku sina malalamiko.

Iliponilipa kabisa ni kwenye reli za madirisha ya aluminiamu, haya ya kusukuma. Watu tunafuta kioo mpaka kinang'aa ila ile reli ya chini nani anaiangalia? Yangu ilikuwa na vumbi la barabarani, mbawa za kumbikumbi, mavi ya mijusi na nywele, vyote vimeshikana vimekuwa tope jeusi gumu, ufagio haufiki na brashi inapita juu juu tu. Kwanza toa vumbi kavu na brashi, ukianza na mvuke unakoroga matope bure, halafu ndo upulize taratibu huku unafuata na kijiti cha mshikaki ulichozungushia kitambaa. Lile tope linalegea lenyewe unalikwangua linatoka kipande kizima. Na chini yake sasa ndo utaviona vile vitundu vidogo kwenye fremu, kumbe vile vipo kwa ajili ya kutoa maji ya mvua nje, vikiziba basi masika maji yanajaa kwenye reli yanamwagikia ndani na rangi ya ukuta inabanduka. La chumbani kwangu fundi alishasema linavuja nitoe 60,000 apake silikoni upya. Nikavizibua, mvua kubwa ikapiga usiku kucha, asubuhi ukuta mkavu kabisa, silikoni sijapaka mpaka leo.

Kwenye jiko la gesi pia iko vizuri, hasa kuzunguka vile vitasa vya kuwashia, yale mafuta yaliyoganda rangi ya kahawia yanayeyuka unafuta na kitambaa. Vitasa vingi vinachomoka ukivuta, chomoa uvioshe pembeni kwenye beseni.

Raba ya mlango wa friji sikushauri uipige mvuke, joto linaipinda na ikishapinda mlango haubani, friji inanguruma kutwa nzima. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani vinatosha, ila ufunue ile mikunjo maana ukungu unakaa ndani kabisa. Ukimaliza chomoa umeme, ivute friji uangalie nyuma, juu ya kompresa kuna trei inayopokea maji ya barafu. Kwa kawaida joto la kompresa linayakausha, lakini nyumba yenye watoto wanaofungua friji kila baada ya dakika maji yanazidi yanabaki humo. Dengue ilipotupiga Dar 2014 na tena 2019 wote tuliambiwa tumwage maji kwenye makopo na matairi, trei ya friji nani aliikumbuka, wakati mbu yule anataka maji kidogo tu yaliyotuama na yeye hana shida kukaa ndani na nyie.

Sasa muuzaji alinidanganya hapa: chumvi ya maji ya kisima. Bombani na kwenye shawa ile magamba nyeupe mvuke haiigusi kabisa jamani, utapuliza mpaka tangi liishe. Dawa yake ni siki, jaza kwenye kimfuko kigumu, vika shawa, funga na mpira ulale nayo, asubuhi sugua na mswaki yanatoka. Na usije ukamwagia jik hapo hapo kwenye siki, inatoka gesi ya klorini inaunguza mapafu, bafu zetu zenyewe kadirisha kamoja. Hiyo mashine pia usiiwekee maji ya kisima, kuyachemsha hakuondoi chumvi, mdomo unaziba haraka. Mimi naweka maji ya mvua niliyochuja.

Mapanga ya feni? Wala usiitoe kabatini. Vika foronya kuukuu kwenye panga uvute, vumbi lote linabaki ndani ya foronya badala ya kukudondokea kichwani. Na swichi za ukutani na soketi marufuku mvuke, zima meni swichi ufute na kitambaa chenye spiriti kidogo.

Kingine kinachokera ni kwamba maji yakiisha huwezi kuongeza saa hiyo hiyo, inabidi ipoe kwanza maana ukifungua kifuniko ina presha inakurushia mvuke usoni. Brashi ndogo imeshaanza kulala nywele, nimerudi dukani kuulizia spea naambiwa hakuna, na waranti yenyewe ni risiti ya mkono. Kwa hiyo ukienda mwambie aifungue boksi, hesabu brashi zote, atie maji uone mvuke unatoka hapo hapo, na 90,000 usivuke.