Vichwa vitatu, mwili mmoja: tochi ya P60 kwenye chumvi ya Lamu

Nianze na hukumu, asiye na muda asihangaike. Kichwa cha LED tatu ndicho cha kukaa kwenye tochi siku zote. Kile kikubwa cha mwanga wa mbali ni cha chomboni. Cha kawaida, kilichokuja na tochi, nimekigeuza cha akiba. Ila kwa sisi tunaoishi na hewa ya bahari, kinachoamua tochi itadumu mwaka au mwezi si kichwa ulichochagua, ni namna unavyokifunga na kukifungua. Kila unapobadilisha kichwa unafungua mlango, na chumvi haibishi hodi.

Mwili ninaotumia ni wa aina ya P60, uliotobolewa kiwandani kuingia betri moja ya 18650, ile ya lithiamu ya kuchajiwa yenye upana wa kama milimita 18 na urefu wa 65. Jina P60 lilitokana na glopu ya SureFire 6P, tochi ya Marekani ya betri mbili fupi za lithiamu za CR123A iliyotoa lumeni 65 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa glopu ya waya. Glopu ile ilichomolewa nzima pamoja na kikombe chake cha kuakisi, kwa hiyo LED zilipokuja, mafundi wakatengeneza moduli, yaani LED na saketi yake katika kipande kimoja, za umbo lilelile. Ukikutana na 6P ya zamani, jua kwamba haipokei 18650 mpaka tundu litanuliwe kwa mashine: CR123A ina kipenyo cha milimita 17, na 18650 imezidi 18. Kuna wanaoisukuma kwa nguvu. Betri huingia, kutoka ndiyo shughuli.

Kichwa cha kwanza ni cha kawaida: moduli ya LED moja, kikombe chenye mdomo wa kama milimita 20, saketi ya chipu nane za 7135, zinazodhibiti mkondo wa umeme. Kila chipu hupitisha miliampia 350, hivyo jumla ni ampia 2.8. Mwanga wake una kitovu kikali katikati na ukungu wa mwanga pembeni. Kwenye vichochoro vya mji, ambako kuta nyeupe za chokaa ziko mkono huu na mkono huu, kitovu hicho kikigonga ukuta kinakurudia machoni, na sakafu yenye mavi ya punda inabaki giza. Kikombe laini kama kioo ndicho kibaya zaidi kwa kazi hii. Chenye uso wa vipele kama ganda la chungwa kinalainisha kidogo.

Moduli hii ina ugonjwa mmoja unaowapata wengi wanaoichokonoa wenyewe. Kikombe kimefungwa kwa nyuzi za skrubu juu ya kipande cha shaba kinachobeba LED. Ukiona duara jeusi katikati ya mwanga, LED haijakaa kwenye fokasi: zungusha kikombe robo mzunguko, jaribu ukutani umbali wa mita tatu, rudia. Lakini usikaze hadi mwisho bila kuangalia kile kikaratasi au kiplastiki cheupe kinachoizunguka LED. Kazi yake si urembo. Kikikosekana, kikombe cha alumini kinagusa lehemu za nyaya mbili za LED, na hapo betri inapiga shoti. Hutaona cheche, utahisi mwili unapata moto huku taa imezima.

Kichwa cha pili kinatumia kichwa kilekile cha nje, moduli ndiyo tofauti: LED tatu chini ya lenzi moja ya plastiki ya milimita 20, hakuna kikombe. Ampia ni 2.8 zilezile, ila zinagawanywa, kila LED ikipata chini kidogo ya ampia moja. LED ikipewa mkondo mdogo hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati, kwa hiyo kwa betri ileile unapata lumeni zaidi bila kulipa chochote. Mwanga umetandazwa sawasawa, hauna kitovu kikali, na unaanza miguuni. Kupanda ngazi za jeti wakati maji yamekupwa, kufungua mashine ya boti, kuparua samaki usiku: hiki.

Kwenye moduli hii chagua LED ya joto la rangi la kelvini 4000 hadi 5000 na alama ya rangi, CRI (jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi), ya 90 au zaidi. Nichia 519A ni mfano mzuri. LED za bei rahisi za kelvini 6500 zina weupe wa buluu na uhafifu wa wekundu. Sokoni alfajiri, mashavu ya samaki aliyelala na ya aliyevuliwa usiku ule yanaonekana rangi moja chini ya taa hizo. Ukimulika kwa taa ya CRI 90 hudanganywi. Nyaya za kahawia na nyekundu kwenye boti vilevile.

Ubaya wake ni umbali. Baada ya mita hamsini hivi kiko tayari kuomba radhi.

Kichwa cha tatu ni kikubwa, mdomo wa milimita 50, kina LED na saketi yake ndani, kinajifunga kwenye mwili moja kwa moja bila moduli. Hapa kuna hesabu inayookoa pesa. Kwa LED ileile na mkondo uleule, umbali wa mwanga unafuata kipenyo cha kikombe: kutoka milimita 20 hadi 50 ni mara mbili na nusu, na umbali nao unaongezeka mara mbili na nusu. Ukiongeza mkondo maradufu, hata kama LED ingetoa mwanga maradufu kamili (haitoi), umbali ungeongezeka mara 1.4 tu, na joto mara mbili. Anayetaka mbali anunue upana wa kikombe na LED yenye uso mdogo usio na kuba, kama zile bapa za Osram, asinunue ampia.

Maandishi ya mita kwenye boksi nayo yana mtego. Chukua kandela, kipimo cha ukali wa mwanga, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili: kandela 10,000 ni mita 200, kandela 40,000 ni mita 400. Mwisho wa umbali huo umepimwa kwa luksi 0.25, kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa mbalamwezi unaona kuna kitu. Hujui ni gogo, boya au mtu. Gawa kwa mbili ndipo upate umbali wa kazi. Kupita mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, usiku, maji yakiwa yamejaa, kutafuta ukingo wa mikoko, kandela 40,000 zinatosha vizuri; zaidi ya hapo ni majivuno.

Wakati wa kusi, rasharasha zikijaa hewani, kichwa hiki kinatengeneza nguzo nyeupe mbele ya macho yako na nyuma yake huoni kitu. Kosa si la tochi. Ishushe mkono hadi usawa wa nyonga, nje kidogo ya mwili, usiipandishe karibu na uso. Mwanga unaorudishwa na matone hautafika jichoni kwa wingi uleule. Na ukiwa mjini usikitumie kabisa, utampofusha punda na mwenye punda.

Sasa volti, kwa kuwa vichwa hivi vinafanana nyuzi bila kufanana tumbo. Chipu za 7135 zinavumilia volti 2.7 hadi 6. Betri moja ya 18650 ikijaa ni 4.2, salama. CR123A mbili mpya zinapita 6 kidogo, na mbili za kuchajiwa zinafika 8.4; hapo saketi inaungua mara ya kwanza unapobonyeza. Kinyume chake, moduli iliyotengenezwa kwa volti 6 hadi 9, ukiiwekea 18650 moja, inawaka kama mshumaa au haiwaki, na muuzaji anasingiziwa. Uliza masafa ya volti ya kila kichwa, uyaandike kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani. Nimeona vichwa vitatu vinavyofanana kama mapacha, kila kimoja na volti zake.

Betri kwa ufupi: 18650 ya kweli haizidi miliampia-saa 4000 na ina uzito wa gramu 45 hivi au zaidi. Iliyoandikwa 9900 ni uongo ulioviringishwa plastiki, ipime kwenye mizani ya duka la dhahabu. Ya 3000 kwa ampia 2.8 inakupa kama saa moja. Kwa mwanga wa kati wa ampia moja, karibu saa tatu. Yenye saketi ya ulinzi ni ndefu, milimita 68 hadi 70 badala ya 65, na kwenye baadhi ya miili inakandamiza springi mpaka kichwa hakifiki mwisho. Pengo likibaki hapo, maji yana njia.

Nirudi kwenye chumvi, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Moduli ya P60 inakaa ndani ya kichwa na nafasi ndogo ya hewa pembeni, na hewa haipitishi joto vizuri. Dawa inayojulikana ni kuizungushia foili ili ishike, joto liende nje. Wengi, hasa wa nchi kavu, wanapendekeza foili ya shaba kwa kuwa inapitisha joto vizuri zaidi. Hapa usiifuate. Shaba ikigusana na alumini na katikati kuna unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Unapata unga mweupe, na baada ya miezi moduli imeganda ndani ya kichwa. Kipande cha shaba cha moduli yenyewe tayari kinaleta shida hiyo, usiiongezee. Tumia foili ya alumini ya jikoni, mizunguko sita hadi kumi, mpaka moduli iingie kwa kusukumwa na dole gumba. Ikihitaji kugongwa, punguza mzunguko mmoja.

Nyuzi: ukitoka baharini, suuza tochi kwa maji baridi yasiyo na chumvi ikiwa imefungwa, ikaushe, ndipo ubadilishe kichwa. Wanaofungua kwanza wanaingiza chumvi ndani kwa mikono yao. Safisha nyuzi kwa mswaki na spiriti, paka grisi ya silikoni nyembamba kwenye nyuzi na kwenye oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji. Si vaselini, inalainika kwa joto na kuharibu baadhi ya mipira. Si mafuta ya nazi. Ila futa grisi kwenye ukingo wa mwili, pale chuma kilipo wazi: umeme hasi unapita hapo kwenda kwenye springi ya nje ya moduli, na grisi haipitishi umeme. Taa inayopepesa baada ya kubadilisha kichwa, mara nyingi ni ukingo huo. Ufutio wa penseli unautakatisha.

Kichwa kilichoganda kiloweke kwenye maji ya vuguvugu, kisha kishike kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, mwili nao vivyo hivyo. Koleo inakwaruza ganda gumu la juu, na palipokwaruzwa ndipo unga mweupe unapoanzia. Vichwa vya akiba weka kwenye mkebe wenye mfuniko, nyuma ikiangalia chini; chembe moja ya mchanga wa ufuo wa Shela kwenye nyuzi inatosha kuzikata.

Kila ninapobadilisha kichwa kabla ya kwenda majini, napima hivi: natoa betri, naingiza karatasi ya shashi iliyoviringishwa ndani ya mwili, nafunga, naitia tochi kwenye ndoo ya maji dakika kumi. Naikausha nje kabisa kabla ya kufungua. Karatasi ikitoka na doa upande wa mbele, oringi ya kichwa imekatwa au imepinda. Upande wa nyuma, ni ya kitako au mpira wa swichi. Karatasi ikiwa kavu lakini kioo kina ukungu kwa ndani, maji yanapita mbele, chini ya kioo, na pete ya mbele haijakazwa.