TAHADHARI: Memori kadi feki za "GB 128" hapa Kampala

Wapiga picha wenzangu, hasa nyinyi wa harusi na kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe), fungueni macho. Kuna jamaa anazunguka karibu na Old Taxi Park na begi mgongoni, anauza memori kadi za "GB 128" kwa shilingi 25,000. Ukisita, anachomoa kadi ndogo kwenye adapta yake, anaichomeka kwenye simu, simu inasoma 128, nawe unatoa hela. Hapo ndipo anapowanasa watu.

Kadi hizo zimechezewa ndani ili zitangaze ukubwa zisio nao. Ukubwa wake wa kweli mara nyingi ni GB 8 au 16 tu. Simu, kamera na laptopu zote huamini kile kadi inachojisemea, kwa hiyo utapiga picha siku nzima na kamera haitalalamika hata mara moja.

Mwenzetu mmoja alipiga kwanjula kule Mukono kwa kadi ya huyo jamaa. Nimeziona picha mwenyewe: wageni wakiingia, safi kabisa. Zawadi zilipoanza kuteremshwa, ndipo balaa. Picha moja nusu ya juu ni ssenga (shangazi wa bibi harusi) na kikapu chake kichwani, nusu ya chini kijivu kitupu. Kuanzia hapo majina ya faili yapo, ukubwa umeandikwa, lakini hakuna kinachofunguka. Tulijaribu PhotoRec, programu ya kufufua faili, ikashindikana. Data ambayo haikuhifadhiwa tangu mwanzo utaifufuaje? Familia sasa inadai pesa zake, na mimi siwalaumu.

Kadi zake zina nembo ya SDHC. Hilo tu linatosha kumuumbua, maana SDHC huishia GB 32; kuanzia 64 lazima iandikwe SDXC. Ila msitegemee nembo peke yake, wapo wanaochapa mpaka pakiti nzima kama ya kiwandani.

Dawa ni kuijaza kadi yote kisha kuisoma tena. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3, zote ni za bure. GB 128 halali itasoma kama 119 kwenye Windows, hapo hujaibiwa, ni namna tu Windows inavyohesabu. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, basi usingoje asubuhi ya harusi. Ikipita, ifomati ndani ya kamera yenyewe, na usiichomoe taa ikiwa inawaka.

Nunueni dukani, mdai risiti yenye jina la duka. Kama tayari unayo ya huyo jamaa, hamisha kilichopona kisha ivunje. Tafadhali usimuuzie mwingine, eti urudishe hela yako.

Namba yake haipatikani tena. Ila wiki hii ameonekana upande wa Kisenyi, na sasa ameongeza flashi za "TB 2".