Kitafutio cha ICD-10 cha WHO: uzoefu wangu na misimbo ya maambukizi ya ndani ya jicho

Nafanya kazi kwenye kitengo cha kumbukumbu na madai ya bima katika kliniki ya macho, hapa Tanzania. Kila faili la mgonjwa wa bima linapita mezani kwangu kabla madai hayajatumwa, na ni juu yangu kuona kwamba ugonjwa alioandika daktari umepewa msimbo wake sahihi. Mtoto wa jicho, presha ya jicho na trakoma havisumbui, maana ukishavizoea unaviandika bila kufungua kitabu. Kazi iko kwenye usaha na uvimbe wa ndani ya jicho: endoftalmitisi (maambukizi ya ndani ya jicho), uveitisi (uvimbe wa tabaka la kati la jicho), iritisi (uvimbe wa sehemu yenye rangi inayozunguka mboni) na ndugu zao. Kwa magonjwa haya nimekuwa nikitumia kitafutio cha bure cha ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kile kilichopo icd.who.int/browse10, toleo la 2019. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa madai ambao bado wanatafuta misimbo Google.

Nianze na Google yenyewe, pamoja na programu za simu zinazojiita za ICD-10. Andika endophthalmitis, utaletewa H44.001, H44.002, H44.003 na H44.009. Inavutia, kwa sababu tarakimu ya mwisho inakwambia jicho la kulia, la kushoto, yote mawili au halikutajwa. Lakini hiyo ni ICD-10-CM, toleo la Marekani, linalotumika kule kwa madai tangu tarehe 1 Oktoba 2015. Sisi tunatumia ICD-10 ya WHO, na humo msimbo unaishia H44.0. Programu niliyokuwa nayo kwenye simu haikuandika popote kwamba misimbo yake ni ya Marekani. Ukituma H44.002 kwa mlipaji ambaye mfumo wake una orodha ya WHO, madai yanarudi, na huduma yenyewe ilishatolewa, dawa imeshatumika, mgonjwa ameshaenda kwao.

Kitafutio cha WHO hakina urembo. Kushoto kuna mti wa sura na vifungu, kulia maelezo, juu kisanduku cha kutafutia. Magonjwa ya macho yamo kwenye Sura ya VII, kuanzia H00 hadi H59, na kwa maambukizi ya ndani utazunguka zaidi kwenye H20 hadi H22, H30 hadi H32, na H44 hadi H45. Kilichonifanya nikipende ni yale maandishi madogo yaliyo chini ya kila msimbo. Chini ya H44.0 unasoma kwamba humo wameingiza panoftalmitisi (maambukizi ya jicho lote) na jipu la ute wa jicho. Chini ya H44.1 unakuta endoftalmitisi ya vimelea na ile uveitisi inayolipata jicho lililokuwa salama baada ya lile jingine kuumia vibaya. Ukisoma mistari hiyo miwili huwezi tena kumpa msimbo wa usaha mgonjwa ambaye jicho lake halina usaha wowote, bali mwili wake ndio unaolishambulia.

Chukua kesi tunayoiogopa kuliko zote kwenye kliniki ya macho. Mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, amewekewa lenzi, kisha anarudi na maumivu makali, jicho jekundu, haoni vizuri, na ukitazama kwa mashine kuna usaha umetuama chini, mbele ya mboni. Daktari anaandika "Post-op endophthalmitis LE", yaani endoftalmitisi baada ya upasuaji, jicho la kushoto, anachukua sampuli, anachoma antibiotiki za vankomaisini na seftazidimu ndani ya jicho siku hiyo hiyo. Msimbo mkuu ninaouweka ni H44.0. Maabara ikisema ni bakteria stafilokoka asiye aureus, na hao ndio wanaoongoza baada ya upasuaji huu, naongeza B95.7, msimbo wa bakteria huyo. Ili ijulikane kwamba jambo limefuata upasuaji wa kupandikiza kifaa, naongeza Y83.1. Kuna pia T85.7, ya maambukizi yanayotokana na kifaa kilichopandikizwa mwilini. Hiyo siigusi mpaka daktari mwenyewe aseme lenzi ndiyo chanzo.

Sasa linganisha na faili la namna hiyo hiyo ambalo mtu kwa haraka amelipa H10.9, yaani konjaktivitisi, uvimbe wa utando wa juu ya jicho. Anayekagua madai ataona ugonjwa wa kutibiwa kwa matone, halafu chini yake sindano ya ndani ya jicho na pengine siku kadhaa za kulazwa. Lazima aulize. Baya zaidi ni kwamba mwisho wa mwaka kliniki ikihesabu maambukizi yaliyofuata upasuaji, huyu hayumo kwenye hesabu. Chumba cha upasuaji kinaonekana kisafi kwenye karatasi, na hakuna anayekwenda kuangalia otoklevu, mashine ya kutakasia vifaa, wala yale maji ya kuoshea jicho. Hili linaniuma kuliko madai kurudishwa.

Kitu cha pili kinachonifanya nisikiache kitafutio hiki ni alama za msalaba na nyota. Programu nyingi zinazifuta. Msalaba unakaa kwenye msimbo wa ugonjwa wenyewe, nyota inakaa kwenye msimbo wa mahali ulipojitokeza, na kanuni ni kwamba wenye nyota hausimami peke yake. Mgonjwa mwenye mkanda wa jeshi uliopanda hadi kwenye jicho na kumletea iritisi ni B02.3† pamoja na H22.0*. Kifua kikuu cha jicho ni A18.5†, na hapo unachagua mwenzake kulingana na sehemu: H22.0* kama ni mbele, H32.0* kama ni koroidi na retina, tabaka za nyuma ya jicho. Toksoplazma (aina ya kimelea) iliyoshambulia retina ni B58.0† na H32.0*. Usubi (onchocerciasis) ukileta endoftalmitisi, ni B73† na H45.1*. Kwenye ukurasa wa WHO unabofya A18.5, na wenzake wote wenye nyota wamepangwa hapo hapo chini. Nimewahi kuona madai yenye H22.0 peke yake: mlipaji anaambiwa iritisi imetokana na maambukizi, haambiwi maambukizi gani, na dawa za TB zimeandikwa kwenye fomu hiyo hiyo.

Upungufu upo, na ni vyema uujue kabla hujaanza. ICD-10 ya WHO haina upande wa jicho, kwa hiyo kulia au kushoto kunabaki kwenye maelezo ya daktari na kwenye fomu. Usipopaandika, hakuna msimbo utakaokusaidia. Pia kitafutio hakikufikirii. Ukiingiza uveitis tu kwa sababu daktari ameandika hivyo tu, utaangukia H20.9, ambayo haimwambii mtu lolote. Mbele ya jicho na ya muda mfupi ni H20.0, mbele na sugu ni H20.1, na ya nyuma inahamia kabisa H30. Mimi nanyanyuka na faili, namfuata daktari: "Samahani daktari, hii ni ya mbele au ya nyuma? Na chanzo kimejulikana?" Hawachukii. Wengi sasa wanaandika kamili tangu mwanzo.

Intaneti nayo. Bila mtandao ukurasa haufunguki, kwa hiyo nimechapa kurasa zangu za H20, H30 na H44 nikazibandika ukutani. Kitabu cha 2 cha ICD-10, kile cha maelekezo, nimekipakua pia. Sehemu ya msalaba na nyota isome mwenyewe, usisubiri kusimuliwa.

Nimejaribu na chombo cha ICD-11, toleo linalofuata ICD-10, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Kutafuta humo ni kwepesi zaidi, unaandika maneno na kinakupendekezea, na upande wa jicho umerudi kama nyongeza: XK9K kulia, XK8G kushoto, unaiunganisha na msimbo mkuu kwa alama ya &. Kwa macho nimeipenda sana. Ila mlipaji ninayemtumia madai bado anataka ICD-10, kwa hiyo naitumia kujifunzia tu.

Kama uko kliniki ya macho na unatuma madai kwa ICD-10, futa hiyo programu ya simu na uweke ukurasa wa kitafutio cha WHO kwenye kompyuta ya ofisi. Ukikutana na msimbo wa jicho wenye tarakimu tatu baada ya nukta, ujue ni wa Marekani. Rudi WHO utafute wa kwako.