Uzoefu wangu wa kukarabati baraza: walimwambia mama yangu akae ndani

Nimekaa na hili jambo muda mrefu, nikasema niache, nimuachie Mungu, lakini juzi mvua imepiga tena Tanga na mama kanipigia simu ananiambia "leo sijatoka mwanangu, nimekaa tu ndani", hapo ndo nikaona bora niandike, maana hiyo "nimekaa ndani" ina kisa chake na kila nikiisikia mwili mzima unanitetemeka.

Nyumba ni ya wazazi wangu, ipo Makorora, aliijenga marehemu baba enzi anafanya kazi bandarini. Mbele ina baraza kubwa, mita 3 kutoka mlangoni mpaka ukingoni na urefu kama mita 7 hivi, sakafu ya niru nyekundu, yaani saruji iliyolainishwa, ambayo sisi watoto tulikuwa tunaisugua kwa makumbi ya nazi kila Ijumaa. Mama anasuka ukili pale, ana mikeka yake, ana wenzake wanakuja na miyaa yao wanakaa mpaka alasiri, kila anayepita njia anamsalimia na yeye anajua nani mgonjwa, nani kajifungua, nani kasafiri. Ukimtoa mama barazani umemtoa mjini kabisa.

Sasa baraza ilikuwa imechoka kweli, sikatai. Niru imepasuka, nguzo za mbao mchwa wamezila kwa ndani ukigonga unasikia uwazi, bati kwa huu upepo wa bahari lilishaota kutu mpaka jua linapenya vitundu vitundu, halafu baraza inatazama magharibi kwa hiyo kuanzia saa tisa hapakaliki. Mi naishi Dar, nikajikusanya taratibu, nikasema kabla ya Ramadhani mama awe amepata baraza ya maana, imara, yenye kivuli. Nikapata hao jamaa kupitia duka moja la vifaa vya ujenzi, wanauza tailizi na wanafunga wenyewe, sitawataja jina maana sitaki maneno. Akaja msimamizi wao, kapima kwa futi, kanionesha mapicha kwenye simu, nyumba za watu zimependeza, na mi nikapendezewa, nikatuma pesa zaidi ya nusu.

Kuhusu tailizi zenyewe. Alichagua yeye, nyeupe, zinang'aa unajiona uso. Mama alipoziona zinashushwa akauliza, "Hizi si za chumbani baba?" Yule msimamizi akacheka, akamwambia ndo fasheni sasa hivi. Mama akanyamaza, nami kwenye simu nikamwambia mama waachie, hao ndo kazi yao. Hilo neno langu linaniuma mpaka leo.

Walivyofanya sasa. Sakafu ya baba ilikuwa na slopu, yaani kutoka mlangoni kwenda ukingoni ilikuwa inashuka, si sana, ukikaa huoni lakini ukimwaga ndoo ya maji yanakimbia yenyewe mpaka kwenye mchanga. Baba hakuwa fundi mkubwa lakini hilo alilijua. Hawa wakaja juu ya ile ile niru wakamwaga mota, wakasawazisha kila sehemu mpaka povu la pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, likatulia katikati, wakabandika tailizi juu yake. Eti ndo kazi safi hiyo. Msimamizi akanitumia picha ya pimamaji iko sakafuni, ameandika "Dada iko sawa kama meza". Nami nikamjibu asante sana! Sikujua kwamba hapo ndo ameniharibia. Sakafu ya nje haitakiwi kuwa sawa kama meza, inatakiwa kila mita moja ishuke walau sentimita 1, wengine wanapenda hata 2, kwa hiyo baraza ya mita 3 ukingoni iwe chini kuliko mlangoni kwa sentimita 3 mpaka 6, na hiyo ni kwa sababu mvua ya upepo inaingia tu, uwe na paa usiwe na paa. Tena kwa kumwaga mota juu ya sakafu ya zamani wameinua sakafu mpaka karibu ilingane na kizingiti. Zamani ukitoka ndani ulikuwa unashuka kidogo, siku hizi unatoka tu.

Masika ilivyoanza, mvua ya kwanza tu ya maana, usiku, maji yakasimama barazani kama sinia, yalipozidi yakaona njia rahisi ni mlangoni. Sebuleni mkeka umelowa, miyaa ya mama aliyokwisha kuichambua na kuitia rangi imelowa rangi zimechanganyikana, kazi ya wiki mbili. Asubuhi akatoka na tambara apanguse, hatua ya pili mguu ukakimbia. Alhamdulillah hakuvunjika, kifundo cha mkono tu kilivimba, lakini mtu wa umri ule akianguka unajua mwenyewe moyo unavyokuwa, nikapanda basi siku hiyo hiyo.

Nikampigia msimamizi, siku ya kwanza hapokei, ya pili hapokei, ya tatu akaja. Na hapa ndo penyewe, mengine yote ningeweza kusamehe.

Amekuja saa nne asubuhi, mama kakaa kwenye kigoda pembeni ya mlango mkono umefungwa kitambaa. Kijana wa umri wa wajukuu zake. Hakusema shikamoo. Kapita na viatu, kaweka pimamaji chini, kaangalia, akasema, "Sakafu iko leveli, mnaona wenyewe." Mama akamwambia kwa upole kabisa, "Baba, maji yanaingia ndani, na panateleza, mi mwenyewe nimeanguka hapo." Yule bwana hata hakugeuka kumtazama, akasema, "Bibi umri umeenda, mvua ikinyesha we kaa ndani tu, nje unatafuta nini?"

Nje unatafuta nini! Nyumba yake! Baraza yake! Mtu ameamka alfajiri kwenye baraza hiyo tangu mimi sijazaliwa, pale ndo alipokalia eda ya baba watu wakija kumpa pole, pale ndo tumelelewa kwa pesa ya mikeka, halafu mtu aliyelipwa aitengeneze ili mama akae kwa raha anamwambia atoke akae ndani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na tambara mkononi nakamua maji. Nilisema maneno siku ile ambayo siwezi kuyaandika hapa, majirani wakatoka. Mama ndo akanishika mkono, "Basi mwanangu, basi." Tangu siku ile hata jua likiwaka anatoka kwa kusitasita, anashika ukuta, na nikimuuliza anasema, "Si waliniambia nimezeeka."

Nataka niwe mkweli lakini, maana nilianza kuandika hapa nikisema kila walichogusa ni kibovu na hiyo si kweli. Paa ni zuri. Nililazimisha bati geji 28, ambalo ni nene zaidi, badala ya 30 waliyotaka kuniwekea, wakaweka na misumari ya bati yenye raba, na paa wamelitoa nje kupita ukingo kama nusu mita hivi, kwa hiyo jua la alasiri linachelewa kufika miguuni. Nguzo za zege wamezisuka nondo nne nne, na mchanga ulikuwa wa mtoni, nilikagua mwenyewe maana baba alikuwa akisema mchanga wa baharini unakula nondo taratibu mpaka zege linapasuka, na kweli chumvi ndo kazi yake hiyo. Walizimwagilia maji wiki nzima, asubuhi na jioni, zege halishiki nguvu kwa haraka ya mtu.

Na kulikuwa na kijana mmoja, saidia fundi tu, huyo namuombea kila siku. Kila akifika, "Shikamoo bibi", anakaa kidogo, anamuuliza alivyoamka. Ndo aliyemjengea mama kile kiti cha zege cha kuegemea ukuta, hakikuwemo hata kwenye makubaliano, alimuuliza kwanza, "Bibi ukikaa miguu inafika chini?" akampima kwenye kigoda chake, ikatoka sentimita 40, akajenga 40. Mama anasema mgongo haumuumi akikaa pale. Yaani swali moja tu la heshima limetoa kitu cha kudumu kuliko mapicha yote ya kwenye simu.

Baada ya ule ugomvi kijana akarudi mwenyewe siku ya Jumapili, bila bosi wake kujua, akachonga mfereji mwembamba mbele ya mlango kwa tindo ili maji yakifika yapate pa kupita yasiingie ndani. Imepunguza, haijamaliza. Ndo aliyenifundisha kugonga tailizi kwa sarafu, inayolia nzito imeshika, inayolia uwazi chini kuna hewa. Tuligonga pamoja, nikaanza kuhesabu nikaacha. Akasema wenzake walikuwa wanaweka mabonge matano ya mota, manne pembeni na moja katikati, wanabandika, wakati ilitakiwa kutandaza gundi yote na kuichana kwa mwiko wa meno ishike kila mahali, hasa nje, maana maji yakiingia chini yake hayatoki. Halafu wamebandika mpaka zikagusa ukuta, hawajaacha nafasi hata ya kidole, jua likipiga zinatanuka hazina pa kwenda. Miezi michache baadaye tatu zikainuka kama mtu kazisukuma kutoka chini, ukipita usiku unajikwaa.

Kwa hiyo nilikuwa nataka kuandika kwamba kama unataka paa na nguzo nendeni, kama unataka sakafu msiende. Nimeiandika hiyo sentensi nikaisoma mara mbili. Hapana. Naifuta. Siwezi kumpeleka mtu kwa watu wale hata kwa paa, maana kesho paa likivuja utapiga simu na atakayekuja ni yule yule, ataingia na viatu vyake, hatasema shikamoo, na kama nyumbani kuna mzee atamwambia akae ndani. Ubora wa bati haufuti hilo. Mtu anayetengeneza baraza akaona anayekaa barazani ndo tatizo, huyo hajui anachotengeneza.

Ukipita Mji Mkongwe kule Unguja utaona baraza za mawe zimeshikana na nyumba pande zote mbili za njia, watu wamekaa na kahawa zao, na mvua kubwa ikinyesha njia ikijaa maji watu wanapanda wanapita juu yake. Ni za miaka na miaka, hazing'ai, na mtu mzima anapita juu yake mvua ikinyesha. Hawa wetu na pimamaji na simu yenye mapicha wameshindwa.

Nikipata pesa tena tutabomoa. Kijana ameshanipigia hesabu, na nimempa kazi yeye, anasema tutoe mpaka niru ya baba, turudishe slopu ile ile ya zamani, tuache mwanya pale sakafu inapokutana na ukuta, juu tumwage zege jipya na likiwa bado bichi tulipitishe ufagio mgumu liwe na mikwaruzo, basi, hakuna tailizi. Mama kauliza kama inaweza kutiwa rangi nyekundu. Inaweza.

Wiki iliyopita msimamizi kanipigia mwenyewe. Nikafikiri labda anaomba radhi, moyo ukalegea kabisa, wallahi nilikuwa nimeshajiandaa kusema yamepita. Alikuwa anadai hela yake iliyobaki. Nikamwambia nenda Makorora, mwamkie mama yangu, muombe radhi kwa ulilomwambia, ukitoka pale nipigie nitakutumia yote siku hiyo hiyo. Akakata simu.

Hela ninayo, nimeitenga. Mpaka leo hajaenda. Na kwenye zile tailizi nyeupe, kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiti chake, mama katandika magunia ya katani, ndo anapita hapo, na mvua ikianza anayakunja anarudi ndani.