Fundi alisema "tufungue injini", nikagoma: uzoefu wangu na vipimo vya gari linalochemsha

Kwa mwenye haraka: kipimo cha gesi kwenye maji ya rejeta nakipa nyota tano. Fundi wa kwanza, ambaye ndiye aliyesema kweli, nampa tatu. Fundi wa pili, niliyempenda kuliko wote, anapata moja, na hiyo ni ya mfuniko wa rejeta. Asiye na haraka aendelee kusoma.

Gari langu ni dogo, la petroli, silinda nne, limeshatembea kilomita 187,000. Ugonjwa ulianza kimyakimya. Maji yalikuwa yanapungua lakini chini ya gari pakavu kabisa. Kila baada ya siku nne au tano naongeza kidogo kwenye kopo la akiba, nafunga boneti, naenda zangu. Nikajisemea ni joto la msimu. Ukiwa hutaki kuingia gharama, utajiambia lolote.

Halafu siku moja nimekwama kwenye foleni, mshale wa joto ukaanza kupanda. Huo mshale kwa miaka sita ulikuwa umekaa katikati kama umechorwa. Nikazima AC, nikafungulia hita mpaka mwisho, maana niliwahi kuambiwa hita huisaidia injini kutoa joto. Hita ikanipulizia hewa ya baridi. Injini inachemka, hita inatoa ubaridi! Sikuelewa, ila nilijua kuna jambo haliko sawa, nikatoa gari pembeni na kuzima. Baadaye nilikuja kuambiwa maana yake: maji ya moto hayafiki kwenye hita, ama kwa sababu yamepungua, ama kwa sababu kuna hewa au gesi imejaa njiani. Ile baridi ilikuwa inanipa taarifa ambayo sikujua kuisoma.

Gereji ya kwanza nilikwenda na mdogo wangu wa kiume. Nataja hilo kwa sababu fundi alizungumza naye yeye muda wote, ilhali mdogo wangu hajawahi hata kubadilisha tairi. Fundi akaomba tuwashe gari, akasubiri kidogo, akaubana kwa vidole mpira wa juu wa rejeta, akafungua kopo la akiba na kunusa. Hazikupita dakika tano.

"Gasketi ya silinda hedi imekwenda," akamwambia mdogo wangu. "Tufungue injini."

"Umejuaje, fundi?" nikauliza mimi.

"Dada, hii kazi nimeifanya miaka 20."

Mimi nilikuwa sijauliza miaka. Akaniandikia orodha: gasketi, kuskimu hedi (yaani kuusawazisha kwa mashine uso wa hicho kichwa kinachofunika silinda), bolti mpya za hedi, pampu ya maji, mkanda wa taimingi, oili, kulanti (yale maji ya rejeta yenye dawa), ufundi. Jumla yake ilikuwa karibu theluthi ya pesa ambayo ningeipata kama ningeliuza gari lenyewe siku hiyo. Akaongeza, kana kwamba ananipa ofa, "Au tuweke injini nyingine kabisa, uache kuhangaika."

Niligoma. Sababu zangu wakati ule zilikuwa mbili. Ya kwanza bado naitetea: hakupima kitu. Ya pili naionea aibu: niliona pampu na mkanda wa taimingi kwenye orodha nikasema huyu ananipiga, gasketi inahusiana nini na mkanda? Kumbe inahusiana sana. Kwenye injini kama yangu hedi haitoki bila kuvua mkanda kwanza, na pampu ya maji iko nyuma ya mkanda huohuo. Ukirudisha vya zamani halafu pampu ikaanza kuvuja baada ya miezi mitatu, unalipia kazi ileile ya kufungua mara ya pili. Lakini hayo yote hakunieleza, na mimi nilishaamua kwamba ni mwizi.

Fundi wa pili alikuwa mtu wa maneno matamu na, niseme ukweli, alijua kufundisha. Alisubiri injini ipoe kabisa kabla ya kugusa mfuniko wa rejeta (wenye haraka wameungua uso kwa kuufungua ukiwa wa moto), akaufungua, akanionyesha mpira wake wa ndani ulivyoliwa. Akanieleza kwamba ule mfuniko kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu, unashikilia presha. Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100, lakini ukiyafungia kwa presha ya baa moja zaidi ya ile ya hewa ya nje, hayachemki mpaka kwenye 120 hivi. Mfuniko ukichoka, presha inatoka, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye kopo. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyeelewa hesabu.

Kisha akachomoa stiki ya oili, akaifuta kwa kitambaa, akaichovya tena na kunionyesha. Oili safi. "Gasketi ingekuwa imekufa, hapa ungeona rangi ya maziwa." Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na povu jeupe kidogo, nikashtuka, akanituliza: huo ni unyevu tu, hutokea kwa magari ya safari fupi fupi ambayo injini haipati moto vizuri. Na ni kweli, mimi naendesha safari fupi.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoliwa. Karibu kila alichosema kilikuwa sahihi. Mfuniko ulikuwa mbovu kweli. Povu lile lilikuwa unyevu kweli. Kosa lake lilikuwa lile la stiki peke yake. Gasketi ya hedi inatenganisha vitu vitatu: moto wa ndani ya silinda, maji na oili. Inaweza kupasuka kati ya moto na maji bila kugusa njia ya oili, na hapo utachomoa stiki mwaka mzima na itakuwa safi. Sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba huyu bwana anatabasamu, ananionyesha vitu, na bili yake ni ndogo. Angesema hivyohivyo kwa ukali na kwa bei ya yule wa kwanza, ningemuuliza maswali kumi. Habari njema sikuiuliza hata swali moja.

Akabadilisha mfuniko na themostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Nikamshukuru kupita kiasi.

Siku tisa.

Siku ya kumi asubuhi niliwasha gari likatetemeka kama lina homa, kwa nusu dakika hivi, kisha likatulia. Moshi mweupe ukatoka nyuma. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi ni mvuke wa kawaida, unakata injini ikipata moto, lakini huu uliendelea na ulikuwa na harufu ya utamutamu, kama sharubati inayoungua. Hiyo ni harufu ya kulanti. Nikampigia fundi wa pili. Akasema nipitie, ataweka dawa ya kuziba kwenye rejeta, itashika. Nilikuwa njiani kwenda kwake kabisa, ila mwenzangu kazini akaniambia ile dawa haichagui tundu la kuziba. Inaweza kuziba na mirija myembamba ya rejeta na ya hita, halafu una matatizo mawili. Nikageuza.

Sasa nije kwenye huduma ninayoipa nyota tano. Kuna watu wanaofanya kazi ya kupima magari tu. Hawafungui injini, hawauzi spea. Unawalipa wapime, wakupe karatasi, uondoke. Hilo ndilo lililonivutia kuliko mashine zao: gasketi iwe nzima au imekufa, malipo yao ni yaleyale.

Kipimo chenyewe nilisimama nikakitazama. Walipunguza maji kidogo kwenye rejeta, wakawasha injini mpaka ikapata moto, kisha wakakandamiza kwenye mdomo wa rejeta kichupa cha plastiki chenye dawa ya rangi ya buluu. Juu yake kuna kipira cha kubonyeza. Unabonyeza taratibu, hewa iliyo juu ya maji inavutwa na kupita ndani ya dawa kama vipovu. Dawa ile inabadilika ikikutana na kabonidayoksaidi, na gesi hiyo kwenye maji ya rejeta haina pa kutokea isipokuwa ndani ya silinda. Yule kijana akabonyeza mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Buluu. Nikaanza kumwazia tena vizuri fundi wangu wa pili. Akaendelea kubonyeza bila kusema neno. Mahali fulani dawa ikawa kama kijani, nikadhani ni mwanga, kisha ikawa njano kabisa, njano ya limau lililoiva. Akainua kichupa akakisogeza karibu na uso wangu. "Unaona, dada?"

Wakaacha injini ipoe kidogo, wakachomoa plagi, wakakata mafuta na umeme wa plagi, wakapima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, moja moja. Ya kwanza 172, ya pili 128, ya tatu 125, ya nne 170, kwa paundi kwenye inchi ya mraba. Hapo hata mimi nisiyejua kitu niliona. Zilizolegea ni mbili, na ni majirani. Ringi za pistoni zikichoka kwa umri mara nyingi unakuta zote zimeshuka. Majirani wawili kushuka pamoja namna ile kunaelekeza kwenye ukuta mwembamba wa gasketi ulio kati yao.

Gharama ya vipimo vyote viwili ilikuwa ndogo kuliko ya ule mfuniko na themostati pamoja na ufundi wake.

Nikarudi gereji ya kwanza, safari hii peke yangu, na karatasi mkononi. Nilitegemea atanicheka, na alinicheka. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Nikamuuliza tena lile swali langu: siku ile ulijuaje? Akanitazama kama vile ndiyo kwanza nimeuliza. Akaniita nilipokuwa nimeegesha, gari limeshapoa muda mrefu, akaliwasha. Akahesabu kama dakika mbili. "Shika mpira wa juu." Nikashika. Ulikuwa baridi, lakini mgumu kama mti. Akanipeleka kwenye gari la mteja mwingine lililokuwa limewashwa muda uleule, nikashika mpira wake: laini, unabonyea. "Injini ya baridi haijapata moto wa kutengeneza presha," akasema. "Sasa presha hii imetoka wapi?"

Yaani alikuwa na kipimo siku zote. Alikuwa nacho kwenye vidole vyake na hakuona sababu ya kumwonyesha mtu.

Tulikubaliana, na masharti yangu niliyaandika kwenye ileile karatasi ya makadirio: aniite hedi ikishatoka kabla ya kupeleka popote, spea za zamani nizione, na kisiongezwe kitu bila kunipigia. La injini nyingine nililikataa. Injini ya kutoka gari jingine inakuja na historia yake, na hakuna aliyeweza kuniambia kama yenyewe haikuwahi kuchemsha. Hakubisha.

Akaniita kweli. Aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akaingiza fila geji (kibati chembamba cha kupimia uwazi) chini yake. Injini yangu inaruhusu kupinda milimita 0.05. Geji ya 0.12 ilipita bila kusukumwa. Nikairuhusu iende kuskimiwa. Gasketi ya zamani ninayo nyumbani; kati ya matundu mawili ya katikati pana weusi ulioungua, upana wa ukucha. Bolti za hedi hakutaka hata kunisikiliza kuhusu kurudisha za zamani, kwa sababu za injini hii hukazwa mpaka zinavutika, na zikishavutika mara moja hazishiki tena sawasawa.

Ningemwamini siku ya kwanza, ningeokoa pesa ya fundi wa pili, na pengine hedi isingepinda kiasi kile, maana zile siku tisa niliendesha. Najua. Lakini sijui ningemwaminije mtu aliyenitajia theluthi ya gari na sababu yake ikawa umri wake kazini. Nyota mbili nilizomkata ni za hapo.

Miezi mitano sasa. Kwenye kopo la akiba nimechora mstari kwa kalamu ya wino mzito, nauangalia kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha, na maji hayajashuka. Kuna klipu moja ya kava la plastiki la mkanda ambayo hakuirudisha. Nikipita kwenye tuta inagonga. Nimeshamwambia mara mbili. Anasema nipitie.